Maman Manete na Bei Isiyochoka

Maman Manete hajawahi kununua kitu asubuhi. Nyanya, viatu, simu, televisheni, hata mwavuli: vyote alivinunua vikiwa vimechoka. Neno hilo ni lake. Watu wengine husema bei imeshuka. Yeye husema bei imechoka, kana kwamba bei ni mtu aliyetembea kutoka Nzahaha na gunia kichwani, sasa anatafuta mahali pa kuketi.

Tunamwita hivyo kwa sababu ya manete, vile vishikio vya kuchezea michezo ya televisheni, ambavyo huvipangusa kwa kitambaa kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. Ana jina la ubatizo, na ana jina la mtoto wake wa kwanza kama mama yeyote, lakini hapa mtaani kwetu Kamembe ukiuliza kwa majina hayo utaonyeshwa nyumba nyingine.

Mahali pake ni vyumba viwili. Cha mbele, kinachotazama njia, kina jiko na karai la mafuta. Hapo anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuziuza kwa karatasi. Cha nyuma, ukipita pazia la kitenge, kina mabenchi mawili, televisheni yenye mstari wa kijani pembeni usiotoka, na konsoli. Zamani konsoli zilikuwa mbili. Moja ilikufa mvua ilipoingia kwa paa, na yeye bado anaitaja kwa heshima: "Marehemu alikuwa na nguvu kuliko uyu."

Ili kumwelewa lazima uelewe sambaza. Wavuvi wa kisiwa cha Nkombo hutoka usiku na kurudi alfajiri. Mitumbwi ikigusa mwalo, bei iko juu, wanawake wanasukumana, kila mmoja anataka kujaziwa wa kwanza. Maman Manete hufika mapema kama wenzake, anapindua beseni lake, anaketi juu yake, na hanunui. Anasalimia. Anauliza habari za wagonjwa. Anawatania wavuvi kuhusu wake zao. Jua likipanda, samaki wanaanza kulegea na wauzaji wanaanza kutazama barabara. Hapo ndipo anainuka. Saa sita anaondoka na beseni lililojaa, kwa bei ambayo wanunuzi wa asubuhi wasingeiamini. Anakuja kukaanga, na mlango wetu unafunguliwa. Kabla ya hapo, hata ukigonga kwa jiwe, hakuna mtu.

Konsoli aliipata kwa njia hiyohiyo. Familia moja ilikuwa inahamia Kigali, mtoto wao ameletewa mpya, ile ya zamani inauzwa. Maman Manete alienda kuiona, akaisifu, akaondoka. Akarudi kuuliza kama imeshauzwa. Akarudi tena, safari hii kuwasaidia kufunga vyombo. Siku lori lilipokuwa mlangoni, mwenye nyumba akamwambia, "Maman, chukua, leta kile uko nacho, nafasi haiko tena." Akaondoka nayo ndani ya beseni, pamoja na diski zote, amezifunika kwa kitenge. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi, na kila mara lori linakuwa kubwa zaidi.

Mama yangu alimwamini sana katika mambo hayo. Mwaka nilipoingia sekondari, Maman Manete alimwambia asinunue sare ya shule kabla masomo hayajaanza. "Ngojea batoto baingie. Bei itachoka yenyewe." Mama akangoja. Nikaingia sekondari na sketi ya shule ya msingi iliyoishia juu ya magoti, nikashinda juma zima nimesimama mgongo ukutani kama picha. Bei ilichoka kweli. Mama alifurahi. Mimi, ambaye hata bila sketi fupi natafuta ukuta, sikumsalimia Maman Manete kwa siku kadhaa. Aligundua. Aliponiona napita, alinipa karatasi ya sambaza na kusema, kwa kuwa kila msichana kwake ni mama, "Mama, magoti yako iko mazuri, ya nini kuificha?" Nilicheka nikiwa sitaki kucheka.

Mimi ni mtu wa aibu. Naandika hivyo bila kujisikitikia, kama vile mtu angeandika kwamba ni mfupi. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila linasimama kooni kama mgeni aliyekuta nyumba ina watu wengi. Kwa hiyo nilipoanza kupenda michezo ya konsoli, tatizo halikuwa kucheza. Tatizo lilikuwa kusema, "Sasa ni zamu yangu," mbele ya wavulana.

Kwa Maman Manete zamu haisemwi. Kila anayefika anavua ndala moja na kuiweka kwenye mstari ukutani, nyuma ya ndala ya aliyemtangulia. Alilitoa jambo hilo mwaloni, ambako wanawake hupanga mabeseni yao kabla mitumbwi haijafika; kila mmoja anajua beseni la mwenzake, na beseni likiwa mstarini, mwenyewe anaweza hata kwenda kunywa chai. Wavulana waliona ni utaratibu tu. Mimi niliona mlango umefunguliwa. Ndala yangu ilifika mbele bila mimi kufungua mdomo, Maman Manete akatoa kichwa kwenye pazia na kusema, "Iyi ndala ya bluu ni ya nani? Mupatie manete." Nikapewa. Siku hiyo nilimfunga Blaise.

Blaise nasoma naye, na ana sauti ya mtu anayeuza kuku stendi. Akifunga goli, wanasikia hadi ng'ambo, Bukavu. Nilipomfunga aligeuka akanitazama kana kwamba benchi ndilo lililocheza. "Maman," akaita, "uyu mutoto alijifunzia wapi?" Na Maman Manete, kutoka jikoni: "Alijifunza kunyamaza. Jaribu."

Sheria zake ni chache lakini ni kali. Ya kwanza ni mikono. Huwezi kugusa manete kabla hujanawa kwa sabuni, hata kama umetoka kuoga. "Manete haikulake mafuta!" anapiga kelele, na wakati huohuo yeye mwenyewe ananuka sambaza kuanzia kilemba hadi kisigino. Ya pili ni matusi. Anayetukana, ndala yake inarudi mwisho wa mstari. Lakini mwamuzi wa kwenye mchezo, yule wa ndani ya televisheni ambaye hata si mtu, Maman Manete anamtukana apendavyo. "Uyu arbitre macho yake iliuzwa! Mutoto ameangushwa, yeye anatembea tu kama yuko ku harusi!" Siku moja Blaise alimkumbusha sheria. Maman akavua ndala yake, akaiweka mwisho wa mstari, akarudi kwenye karai peku.

Mtu angedhani mwanamke anayengoja bei hivyo ana subira ya kila kitu. Hana. Chai anaipiga ikiwa inachemka, halafu analaumu chai. Misa ya kwanza anafika kabla mlango wa kanisa haujafunguliwa, na kwaya yake inalalamika kwamba anaanza ubeti kabla ya mwalimu kuinua mkono. Umeme ukikatika anatoka nje na kuusemesha mlingoti. Na watu anawamalizia sentensi zao. Ukisema, "Maman, nilikuwa nataka..." yeye ameshasema, "Sambaza, bila pilipili, utalipa kesho, hapana."

Sentensi zangu hakuwahi kuzimalizia. Sijui alianza lini, wala hatujawahi kulizungumzia. Nikianza kusema, anaacha mwiko, anatazama chini, mahali fulani karibu na miguu yangu, na anangoja. Mwingine akitaka kudakia, anamzuia kwa mkono bila kugeuka. Nyumbani wananipenda lakini hawangoji. Mama anakisia, kaka anakisia, na mara nyingi wanakisia sawa, kwa hiyo nabaki na maneno yangu. Kwa Maman Manete maneno yalilazimika kutoka, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeyasema.

Naandika haya yote ili ieleweke kwa nini ile konsoli mpya ilinitia hofu.

Ilionekana kwanza katika duka la vifaa vya umeme huku mjini, ndani ya kabati la kioo, nyeupe, imesimama wima kama mtu wa ofisi. Blaise alituletea habari akiwa anahema. Michezo mipya haikuwa ikiingia tena kwenye konsoli yetu. Wachezaji wetu wa mpira walikuwa bado vijana, ilhali wale halisi wameshastaafu, wengine wana vitambi. Wavulana walikuwa wameanza kulizungumza hilo hata Maman akiwa anasikia, na wavulana wakiondoka chumba kingefungwa. Na Maman Manete alikuwa na fedha. Hilo hakulificha. Alikuwa ameziweka kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

"Nunua, Maman," Blaise akamwambia. "Leo."

"Leo?" Alisema neno hilo kama mtu aliyepewa kitu kichafu ashike. "Ile kitu ni mupya. Iko asubuhi yake. Muache ichoke."

Kila Jumapili baada ya misa alipita dukani kuisalimia. Niliwahi kumfuata, nimebeba mkoba wake wa vitabu vya nyimbo. Aliinama mbele ya kioo, akauliza bei, akacheka kwa adabu, akamwuliza muuzaji habari za mkewe, tukaondoka. Alikuwa anamsaidia kufunga vyombo, nilifikiri. Anangoja lori.

Kisha Jumapili moja bei ikawa imepanda.

Hakukasirika mwanzoni. Alisema muuzaji anajaribu. Miezi ikapita, ikapanda tena, na hapo aliegemea kaunta. "Sikiliza, mwanangu. Uliona niko napita hapa kila nikitoka misa, ukajisemea uyu mumama anaitaka, sivyo?"

"Maman, si mimi," muuzaji akasema. "Kule tunakotoa ndiko wamepandisha. Angalia mwenyewe." Akamgeuzia simu yake.

"Imekaa hapa mpaka ina vumbi, na wewe unaongeza?"

"Vumbi nitapangusa, Maman. Bei siwezi."

Alimwomba aitoe aione kwa karibu. Akaizungusha mikononi, akapitisha kidole pembeni, juu, chini. Alikuwa anatafuta sehemu ya kuingizia diski. Ile ilikuwa ya aina isiyo nayo. Michezo yake inanunuliwa kwa intaneti, kwa kadi ya benki, na ukiisha kuinunua huwezi kumwazima mtu wala kuiuza.

"Mudomo yake iko wapi?" akauliza.

"Haina mdomo, Maman."

"Sasa inakulaka nini?"

Muuzaji akacheka. Maman Manete hakucheka. Njiani kurudi hakumsalimia mtu, na yeye ni mtu anayesalimia hata mbuzi. Nilijua anafikiria kabati lake la diski, ambazo huazimana na akina mama wa vyumba vingine vya michezo kama watu wanavyoazimana sufuria za harusi. Kwa mashine ile mpya, diski zote za kabati lile zilikuwa sahani tu.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo. Blaise alisema ni dola. Jirani yetu fundi viatu alisema ni mafuta ya meli. Mama yangu alisema ni tamaa. Maman Manete aliwasikiliza wote huku akiwamalizia sentensi, na walipoondoka aligeuka akanitazama miguu.

"Weye unasomaka ku simu," akasema. "Juu ya nini haichoke?"

Nilikuwa nimesoma, ndiyo, kwa megabaiti za mama. Nilikuwa nimesoma kwa sababu niliogopa. Niliona kwamba watu wazima wanaocheza katika nchi nyingine nao walikuwa wanalalamika, jambo lililonishangaza. Nilidhani ni sisi tu. Zamani, walisema, konsoli ikizeeka ilikuwa inashuka bei kama kila kitu, na aliyengoja alipata. Sasa inazeeka na kupanda. Ndani yake mna vipande vidogo vya kuhifadhi kumbukumbu, na vipande hivyohivyo vinanunuliwa kwa wingi na makampuni yanayojenga mabanda makubwa ya mashine za kujibu maswali na kuchora picha. Tena nchi kubwa zinatozana ushuru bidhaa zikivuka mipaka. Tena michezo yenyewe inatengenezwa na watu wengi mno, kwa miaka, na wanataka jasho lao lirudi. Yote hayo niliyajua. Kuyasema ndiyo kazi.

Akaweka mwiko chini. Akangoja. Mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai na hakuyatazama.

"Maman," nikasema mwishowe, "waza uko mwaloni. Kuna hoteli moja kubwa. Kabla mitumbwi haijafika, imeshalipia sambaza zote. Kesho pia. Kila siku. Ukienda saa sita utakuta nini?"

"Mabaki."

"Wamelipia na mabaki."

"Mabaki haikosekane, mama. Hata kidogo."

"Wamelipia yote, Maman."

Alifikiri. Niliona anaipindua akilini kama alivyoizungusha ile konsoli dukani, akitafuta mahali pa kuingilia. "Na sambaza inaoza," akasema taratibu, akijisemea. "Njo maana banashusha, juu banaogopa ioze. Ile mashine iko mu kioo. Haioze." Akageukia karai. "Donc ile kitu haina saa sita."

"Haina, Maman."

Sambaza zilikuwa zimeungua. Akazitoa moja moja na kuziweka pembeni, nyeusi, kana kwamba bado kuna mtu angezinunua. "Basi miye njo nilikosea," akasema. "Nilikuwa nayo mu mukono. Nikaingoja ikanikimbia."

Nilitaka kumwambia kwamba kungoja kwake kulinifaa mimi kuliko kitu chochote mtu alichowahi kunifanyia. Nilikuwa na sentensi nzima. Lakini nilikuwa nimetumia maneno yangu yote kwenye hoteli na mitumbwi, na yeye alikuwa ameshageuka kuongeza mafuta.

Fedha zile aliezekea paa. Mabati nayo yalikuwa yamepanda. Safari hii hakungoja, alinunua asubuhi, na watu waliomwona dukani saa mbili walidhani kuna msiba.

Baada ya hapo wavulana wakaanza kupungua. Juu barabarani kijana mmoja alikuwa amefungua chumba chenye konsoli mpya, viti vya kuzunguka na taa za bluu, na Blaise akaenda. Alirudi baada ya muda akasema ni pazuri sana, ila mchezo unaisha kabla hujakaa vizuri, na ukitaka kuendelea unalipa tena, na unalipa kweli. Yule kijana naye hakuwa mbaya. Mashine zake zilimgharimu na lazima zirudishe. Basi wakawa wanakwenda huko mara moja kwa mwezi, wakiwa wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda Kigali, na siku nyingine zote wanaleta ndala kwetu.

Lakini konsoli yetu ilikuwa inazeeka. Ilikuwa inahema. Maman Manete aliiweka juu ya beseni lililopinduliwa ili ipate hewa chini, akaiwekea feni ndogo, na kati ya mchezo na mchezo alikuja kuipima joto kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayegusa paji la uso. "Iko na homa," angesema, "muache ipumuzike," na sote tungetoka nje kukaa kwenye ngazi. Wakati mwingine ilijizima yenyewe. Tukawa tunacheza polepole, bila kugonga manete, kama watu waliolala nyumba moja na mgonjwa. Kila alasiri nilipokaribia mlango wake nilisikiliza kwanza. Nikisikia Blaise anapiga kelele, moyo wangu unatulia.

Wiki iliyopita alikuja yule kijana wa juu barabarani. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, na mkononi ana begi kubwa, tupu. Begi ndilo nililoliona kwanza.

"Maman, shikamoo."

"Ee papa, karibu. Sambaza?"

"Nimekuja kwa ajili ya mashine." Akaingia hadi kwenye pazia, akalisogeza, akatutazama mimi na Blaise tukiwa na manete mikononi, akaitazama konsoli juu ya beseni lake. "Hizi za zamani sasa watu wanazitafuta. Mpya hazishikiki. Nataka niongeze viti, na hii inakubali diski, na wewe diski unazo. Nachukua vyote."

Akataja bei.

Blaise akapiga mluzi. Mchezo ulikuwa unaendelea na hakuna aliyekuwa akiutazama. Mchezaji wangu alisimama katikati ya uwanja na mpira wake.

Maman Manete alikuja akiwa bado ameshika mwiko, mafuta yakidondoka. "Rudia."

Akarudia.

"Iyo inapita kile nililipa miye," akasema. Alilisema kwa sauti ya mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba amekua mrefu. Katika maisha yake yote, nadhani, hakuna kitu chake kilichowahi kupanda akiwa amekishika. "Imezeeka, inahema, inajizima. Na bei imepanda?"

"Imepanda, Maman. Na huko mbele sijui. Leo ninazo, kesho huenda nisiwe nazo."

Alifikiri. Kisha akageuka, macho yakashuka karibu na miguu yangu. "Mama. Weye unasomaka. Itaendelea kupanda?"

Wote wakanigeukia. Blaise alikuwa ananikonyeza kwa nguvu: sema ndiyo, sema itapanda, mwambie asiuze. Hicho ndicho nilichotaka kusema. Neno moja tu, na mahali pangu pangebaki. Blaise akaanza, "Maman, mimi nasema..." na mkono wenye mwiko ukainuka ukamzuia.

Akangoja.

"Sijui, Maman," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Inaweza kupanda. Lakini yetu inapata moto sana. Inaweza kufa kesho. Ikifa hakuna atakayekupa hata pesa ya chumvi. Kama ni biashara, uza leo."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, na nilikuwa nimeyatumia kuuza benchi langu mwenyewe.

"Ona, hata mtoto ameona," kijana akasema, na akafungua zipu ya begi.

"Kama ni biashara," Maman Manete akarudia, polepole. Akaitazama konsoli. Akaitazama feni yake ndogo. Kisha akavaa ule uso wake wa mwaloni, uso wa kuuliza habari za wagonjwa. "Papa, bei yako ni muzuri. Sikatae. Lakini sasa ni muchana, na muchana muuzaji anapoteza. Kuya kesho asubuhi. Asubuhi njo bei inakuwaka na nguvu."

"Bei ni hii hii, Maman."

"Kuya asubuhi, tutaona."

"Saa ngapi?"

"Mapema. Kabla jua halijapanda."

Akafunga zipu, akashukuru, hata akanunua sambaza, na akaondoka akiwa na furaha. Tulimsikiliza akipanda njia.

"Maman," Blaise akasema, "asubuhi si unakuwaka ku mwalo?"

"Miaka yote. Nani hajue?"

"Yeye hajue."

"Atajua," akasema Maman Manete, na akanigusa goti kwa mgongo wa mkono, uleule anaopimia joto mashine. "Na weye. Siku nikikuuliza tena mambo ya biashara, unijibu vilevile. Umesikia? Vilevile." Akarudi jikoni. Blaise alikuwa ameshanifunga goli wakati huo wote. Hata hakupiga kelele.

Wanasema kijana alikuja asubuhi ile akagonga, akaja na asubuhi nyingine, akakuta mlango umefungwa. Jana alipita alasiri bila begi, akaweka ndala yake mstarini, akacheza mchezo mmoja na Blaise. Ilipofika zamu yangu konsoli ikajizima, nikiwa peke yangu mbele ya goli. Maman Manete alikuja akaigusa, akatikisa kichwa, akatuletea karatasi moja ya sambaza tushirikiane, na yeye mwenyewe akaketi kwenye benchi katikati yetu. Feni ilikuwa inazunguka. Tukaingoja ipoe.